Jibu: Mwanga wa nyota umeshuka mara mbili, je, ni sayari?

Salaam ndugu wa Likoni. Nimekuelewa hivi: umepakua data za nyota moja kutoka TESS (darubini ya NASA iliyo angani, inayotafuta sayari za nyota nyingine), mwanga umeshuka mara mbili ndani ya siku 27, na hujui kama ni sayari au kasoro ya chombo.

Kwanza angalia tarehe. TESS huzunguka Dunia kila siku 13.7, na mwanga wa Dunia na Mwezi huingia kwenye kamera zake. Mabonde (yaani huko kushuka kwa mwanga kwenye grafu) yakiachana siku 13 na kitu, tia shaka. Mimi huku Kisauni kabla ya lolote huondoa vipimo vyote vilivyotiwa alama ya hitilafu, kisha nachora grafu upya. Mabonde mengi hufia hapo.

Bonde likibaki, pima kina chake, yaani mwanga umepungua kwa kiasi gani. Sayari kama Mshtarii ikipita mbele ya nyota kama Jua hupunguza mwanga kwa takriban asilimia 1. Ukikuta asilimia 10, au bonde moja lina kina kuliko jingine, yaelekea hizo ni nyota mbili zinazopatwana.

Linaloponza wengi ni majirani. Pikseli moja ya TESS ina upana wa sekunde 21 za tao (kipimo cha pembe angani), mwanga wa nyota kadhaa huchanganyika humo, hivyo huenda anayefifia ni nyota ya pembeni. Pakua faili la pikseli za nyota yako tu, uone ni pikseli ipi inayofifia. Picha nzima za kamera zitakumalizia bando bure.

Mabonde mawili hayatoshi, tafuta la tatu kwenye sekta nyingine (kipindi kingine cha siku kama 27 ambacho TESS ilitazama eneo hilo la anga). Bila kuona grafu siwezi kukuhakikishia. Weka hapa namba ya TIC (namba ya nyota yako kwenye orodha ya TESS), jioni nitaichora.