Kahawa Iwe ya Mwisho Kuulizia

Mwaka wangu wa kwanza wa kufanya kazi bila ofisi hapa Dar es Salaam, nilikuwa nachagua migahawa kwa picha. Nikiona mtandaoni kikombe chenye ua juu ya povu la maziwa, kesho yake niko kwenye bajaji kutoka Sinza kwenda Masaki, kompyuta mgongoni. Foleni ile mnaijua. Nafika saa nne nimeshachoka, halafu nagundua soketi pekee iko nyuma ya friji ya keki.

Siku iliyonitia adabu nilikuwa na mkutano wa video na bosi wangu aliyeko Ujerumani. Kabla ya kukaa niliuliza, "Mna jenereta?" Mhudumu akajibu kwa fahari, "Ipo dada, tena kubwa." Umeme ukakatika nikiwa katikati ya maelezo. Jenereta ikanguruma, taa zikawaka, mashine ya kahawa ikaendelea kutoa mvuke. Waifai kimya! Kumbe jenereta ilifungwa ihudumie friji, taa na jiko tu. Ruta na soketi za wateja hazikuwamo. Mkutano niliumalizia kwa bando la simu, nimesimama jirani na mlango wa choo, kwa sababu ndipo mtandao uliposhika.

Tangu hapo sijauliza tena habari za jenereta. Nauliza hivi: "Umeme ukikatika, waifai inabaki? Na soketi hii je?" Mhudumu akigeuka kumtazama mwenzake, nimeshapata jibu.

Mahali papya nenda kwanza bila kompyuta. Agiza chai, toa simu, pima kasi ya intaneti, na usibabaishwe na kasi ya kupakua. Mkutano wa video unataka kupakia pia, yaani kutuma picha na sauti yako, na huko ndiko wengi tunakoumbuka. Mimi nikikuta kupakia kuko chini ya megabiti 3 kwa sekunde, hapo ni pa kujibu barua pepe tu. Pima saa ileile utakayofanyia kazi, maana waifai inayokimbia saa mbili asubuhi hutambaa ukumbi ukijaa.

Bando lako la akiba ni lazima, ingawa nalo lina mwisho wake. Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, nyaya zinazotuletea intaneti, ilipokatika, mgahawani na kwenye simu kote kulikuwa kuzito. Walioponea ni wale waliokuwa wamehifadhi mafaili yao kwenye kompyuta. Mimi sikuwa mmoja wao.

Kelele nazo zina ratiba. Majira ya baridi, saa nne asubuhi ya Ujerumani ni saa sita mchana kwetu, ndiyo kusema bosi anapofungua kikao, huku blenda za juisi zinaanza na sahani zinagongana. Vikao vya saa hizo siku hizi navifanyia nyumbani, mlango nimefunga. Kwa kazi ya kusoma na kuandika tu, Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed haina blenda wala muziki, ila simu usiipokelee mle ndani.

Kuhusu kukaa: meza ya watu wanne saa saba mchana si yako. Hama mwenyewe kabla hujaambiwa, na agiza kitu kila baada ya saa mbili hivi. Ndiyo, kikombe cha Masaki kinaweza kukutoka shilingi 7,000, na vikombe vitatu kwa siku ni fedha. Ndiyo maana nikaacha kwenda kila siku. Bajaji mbili na kahawa tatu zilikuwa zinakula sehemu nzuri ya kile nilichoingiza siku hiyo.

Sasa nakaa kwenye kamgahawa kamoja upande wa Mwenge, mwendo wa miguu kutoka kwangu. Ruta yao ina betri yake, soketi ziko ukutani kila meza, na mhudumu akiniona tu anaelekeza feni kwangu. Kahawa? Katika nchi yenye mibuni Kilimanjaro na Kagera, pale unaletewa maji ya moto na kopo la unga. Naagiza chai ya tangawizi.