Bustani Yako: Majani ya Pemba na kiangazi cha Dodoma

Barua za safari hii zinatoka kanda ya kati, na zote zinagusa maji na ua wa nyumba. Tumejibu nne.

Nina ua wa majani ya Pemba, kama mita 120 za mraba, mbele ya nyumba yetu Ilazo. Kiangazi namwagilia kila jioni na bado yana mabaka ya njano. Bili ya maji imenishinda. Nataka kuyang'oa, ila baba watoto anasema tutabaki na vumbi. Nianzie wapi? — Mama wa Ilazo

Mama, tuanze na hesabu. Jua na upepo wa huku, hasa kuanzia Agosti, huondoa takriban milimita 5 za maji kwa siku kwenye majani mabichi. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo eneo lako linadai lita 600 kila siku, ndoo 30 za lita 20. Kwa mwezi ni lita 18,000, uniti 18, kabla hamjapika wala kufua. Ukimwagilia pungufu ya hapo ndipo yanapotoka mabaka unayoyaona. Majani haya ni ya pwani, kwenye unyevu na vipindi viwili vya mvua. Dodoma ina msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka mzima, halafu ukavu.

Baba watoto hajakosea kuhusu vumbi. Ukiyang'oa yote Agosti na kuacha ardhi wazi, upepo wa Septemba utakuletea udongo hadi jikoni. Gawa eneo mafungu matatu, ung'oe fungu moja moja, na usiguse la pili kabla la kwanza halijafunikwa.

Majani ya Pemba hutambaa juu ya ardhi, kwa hiyo yanatoka kirahisi: sepetu chini ya mizizi, sentimita 5, unayakunja kama mkeka. Yaanike juani wiki mbili, kisha yatumie kama matandazo. Wenye ukoka wana kazi nyingine kabisa, kwa sababu una mashina yanayotambaa chini ya udongo. Huo chimba kwa sururu hadi sentimita 20 wakati wa kiangazi, pekua kwa reki, acha jua likaushe mashina wazi, rudia baada ya wiki tatu. Mvua ya kwanza ikinyesha utaona vilivyobaki vikichipua. Ving'oe hapo hapo kabla hujapanda kitu. Dawa ya kuua magugu ukiipulizia ukoka uliokauka ni pesa iliyomwagwa, maana mmea uliolala hauivuti hadi kwenye mizizi.

Sasa umbo la ua, na hapa ndipo tunawaomba muwe na subira kuliko penginepo. Ardhi ya Dodoma ikipigwa na mvua kubwa huweka gamba juu, na maji yanakimbilia barabarani badala ya kuingia ndani. Kabla ya kununua hata mche mmoja, simama uani mvua inaponyesha uone maji yanakokwenda. Kisha yakinge kwa nusu mwezi: chora nusu duara yenye upana wa mita 2, chimba sentimita 20, udongo wote uweke upande wa chini kama ukuta, mdomo wa nusu mwezi uelekee juu ya mteremko. Shindilia ukuta kwa miguu na uache mlango mdogo wa mawe ubavuni, la sivyo mvua ya kwanza kubwa itaupasua. Bomba la bati lielekeze humo. Paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 10 tu, hukupa zaidi ya lita 800.

Ndani ya nusu mwezi panda mti mmoja: mwarobaini ukitaka kivuli haraka, mkwaju ukiweza kungoja. Shimo sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uweke kando, uuchanganye na debe mbili za samadi iliyooza, uurudishe kwanza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ukutani weka bogenvilia. Pembeni weka mshubiri, katani mwitu na waridi la jangwani, zikiachana nusu mita. Zikitoka kwenye kitalu zinaonekana chache, usishawishike kujaza. Mkonge wa mapambo ukae mbali na njia ya watoto, miiba yake iko usawa wa macho yao. Na mbele ya sebule, badala ya majani, tengeneza kichanja cha mzabibu. Unataka maji, ndiyo, lakini ni maji ya shina moja, na majani yake yanakupa kivuli.

Panda Desemba au mwanzoni mwa Januari, ardhi ikishalowa kina cha mkono. Mvua zikikatika, mti upewe ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki mwezi wa kwanza, baadaye mara moja kwa wiki hadi mvua za mwaka unaofuata. Mimina polepole. Kikombe cha maji kila jioni hufundisha mizizi kubaki juu, na Oktoba mizizi ya juu ndiyo inayokufa.

Sisi tuko Manyoni. Ukoka wetu umegeuka rangi ya mkate tangu Julai. Umekufa? Watoto wanauchezea, sitaki kuuondoa. — Baba wa wachezaji

Haujafa, baba. Umelala. Chimba kidogo, chukua shina la chini ulikate kwa kucha: likiwa jeupe na gumu ndani, mvua ikirudi litachipua ndani ya siku chache. Likiwa la kahawia na linavunjika kama njiti, hapo ndipo pamekufa.

Usiumwagilie kidogo kidogo ili "kuuamsha" Septemba. Ukiamka unatumia akiba iliyoko kwenye mashina, na maji yakikatika tena hauna cha kulalia. Ama uumwagilie sawasawa, ama uuache kabisa. Msikate chini ya sentimita 4 mwezi wa Aprili na Mei, na watoto wahamishe goli kila wiki mbili ili pasipatikane kipara sehemu moja. Eneo la kucheza la mita 20 hadi 30 za mraba linatosha. Likiwekwa pale maji ya paa yanapoishia, litakaa kijani mwezi mzima zaidi ya majirani.

Jambo moja tunalotaka kulisema wazi: acheni kufagia ua wote kwa chelewa kila asubuhi. Tunajua ua uliofagiliwa ni heshima ya nyumba. Lakini tazama shina la mti wowote kwenye ua unaofagiliwa miaka mingi: mizizi imetoka nje kama vidole. Udongo wa juu umekwenda na fagio. Fagia njia na mlangoni, chini ya miti acha majani yaoze.

Fundi aliniwekea nailoni ngumu, juu yake kokoto nyeupe, akasema sitamwagilia tena. Miezi minne sasa, mawaridi na ashoki sita zimeungua majani, na magugu yameota juu ya kokoto. — Nzuguni

Nailoni ndiyo mkosaji. Mvua inateleza juu yake, mizizi haipumui, na vumbi linalotua kati ya kokoto linakuwa udongo mpya wa magugu. Kokoto nyeupe nazo hurudisha joto kwenye majani na madirisha.

Ondoa kokoto, toa nailoni yote, tifua udongo sentimita 15, chimba beseni la nusu mita kuzunguka kila mmea, lowesha kwa kina. Rudisha kokoto unene wa sentimita 5, ziishie kiganja kimoja kabla ya shina. Mita 20 za mraba zinahitaji mita 1 ya ujazo. Siku nyingine chagua za rangi ya udongo. Mawaridi huenda yakarudi. Ashoki ni mti wa kiu, na sita ni wengi mno kwa Nzuguni. Baki na miwili.

Shikamooni. Mama yangu anatandaza majani makavu kwenye miche lakini mchwa wanakula hadi magome. Pia anauliza kama maji ya kufulia yanafaa. — Mwanafunzi, Kibaigwa

Marahaba. Matandazo yawe na unene wa sentimita 7, lakini yasiguse shina: aache duara tupu la sentimita 15, alijaze changarawe. Mchwa huja kwenye mche wenye kiu kwanza, kwa hiyo akiona vichuguu vyembamba vya udongo vikipanda shina avivunje, kisha amwagilie vizuri.

Maji ya kufulia kwa sabuni ya mche yanafaa kwa miti na bogenvilia. Ya sabuni ya unga yana chumvi nyingi, na visima vingi vya huku vina chumvi tayari. Udongo ukianza kuweka ukoko mweupe juu, asitishe na asubiri mvua iusafishe. Yatumike siku hiyo hiyo, yakilala yananuka, yabadilishiwe mti kila wiki, na yasimwagwe kwenye mchicha.