Time Eater na fungu la visu vidogo

Ndugu, umeuliza kwa nini Silent wako (mhusika unayemchezea) mwenye kadi za visu anafagia wote kwenye Slay the Spire, ule mchezo wa kompyuta wa kupigana kwa kadi, halafu anakwama kwa bosi Time Eater. Tatizo ni hesabu. Huyu bosi huhesabu kila kadi unayocheza. Ya 12 ikishuka, zamu yako inakatwa papo hapo naye anaongeza nguvu 2. Kadi moja ya Blade Dance na visu 3 inavyokupa, kila kimoja kikiwa kadi, tayari ni kadi 4. Na hesabu haianzi upya zamu inayofuata! Ukimaliza zamu hesabu ikiwa 11, kadi yako ya kwanza ndiyo inakufunga mikono. Bora ufikishe 12 kusudi mwishoni mwa zamu, kinga ikiwa tayari mezani, au usimame kwenye 8.

Njiani kabla ya kumfikia, chukua kadi chache zenye uzito. Footwork ni ya thamani sana, maana unaicheza mara moja na kila kadi ya kinga inanufaika. Sumu nayo nzuri, ila uhai wa bosi ukishuka chini ya nusu anajisafisha sumu yote na uhai wake unarudi nusu, kwa hiyo Catalyst, kadi ya kuzidisha sumu, itunze mpaka hapo.