Kabla hujatamani skrini za bomba la mafuta

Wiki iliyopita kijana wa Geita kaniandikia: "Kaka, shikamoo. Kozi ya SCADA inasomwa wapi? Nataka kazi kwenye bomba la Hoima." SCADA ni mfumo wa kompyuta wa kusimamia mitambo ukiwa mbali, na Hoima iko Uganda, linakoanzia bomba la mafuta ghafi. Tangu habari za bomba hilo la kilomita 1,443 kwenda Chongoleani, Tanga, zienee huku Kanda ya Ziwa, kila mtu anataka chumba chenye kiyoyozi: unabonyeza hapa, vali inafunga huko porini. Nawaelewa, hata mimi niliitamani.

Nilianzia bohari moja la mafuta hapa Mwanza, na cheti cha umeme tu mkononi. Siku moja tunapokea dizeli. Mita inahesabu lita zinaingia, pampu inanguruma, lakini kwenye skrini usawa wa tangi umeganda palepale. Nikauliza, hayo mafuta yanaenda wapi? Mhandisi wa zamu akanijibu mbele za watu: "Wewe fundi nyaya, mfumo haudanganyi." Sikunyamaza. Pampu ikazimwa kwa shingo upande, tukasubiri mafuta yatulie (kushusha dipu, yaani kijiti cha kupimia kina, yakiwa bado yanachafuka ni kutafuta cheche), kisha nikapanda ngazi. Tangi lilikuwa karibu kufurika. Kipimo kilikwama ndani. Ripoti ilipotoka, jina langu halikuwemo. Wenye shahada ndio "waliogundua". Sawa.

Waya ungekatika, tungejua mara moja. Ishara ya sensa, yaani kile kifaa cha kupimia kwenye tangi, huanzia miliampia 4 hadi 20 za umeme makusudi, ili ikishuka sifuri mfumo upige kelele. Kilichoganda hakipigi kelele. Kinaonekana kizima kabisa. Buncefield, Uingereza, Desemba 2005, ilikuwa hivyohivyo: kipimo cha tangi la petroli kiliganda, swichi ya kuzuia kufurika nayo haikufanya kazi, alfajiri bohari likalipuka.

Sasa fikiria bomba letu. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta, lazima yapashwe moto njia nzima. Kipimajoto kikiganda, utajua?

Kwa hiyo vijana, shikeni spana kwanza. Fungueni sensa, mjue inapimaje. Programu mtafundishwa kazini, lakini spana shikeni sasa. Mimi nikikufanyia usaili, cheti nitakiangalia baadaye. Nitakuwekea grafu ya tangi linalojazwa, mstari umelala, nikuulize unafanya nini. Wengi niliowauliza wameanza kwa kuniomba nenosiri.