Ukinunua Tochi, Usisome Lumeni Peke Yake

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba ana tochi mbili, moja ya lumeni 1,000 na nyingine ya lumeni 600, lakini ile ya 600 ndiyo inayomulika mbali. Akauliza kama ameuziwa feki. Nilimjibu kwamba inawezekana kabisa zote mbili zinasema kweli. Swali lake lilinigusa, maana jambo hilohilo liliwahi kunitia aibu mbele za watu.

Nilikuwa mlinzi wa usiku, na tulitakiwa kuchagua tochi za zamu. Nikapendekeza yenye lumeni chache. Wenzangu wakacheka, na msimamizi akaniambia mbele ya wote niache ujuaji. Zikanunuliwa zenye namba kubwa. Usiku wa kwanza uani palikuwa peupe, kila jani miguuni linaonekana, lakini uzio wa nyuma, kama mita 150 kutoka getini, ulikuwa giza tupu. Nikatoa tochi yangu mwenyewe nikaielekeza kule. Waya ukaonekana mmoja mmoja, hadi mfuko wa nailoni ulionaswa juu ukipepea. Wote kimya. Na hakuna aliyeniomba radhi mpaka leo.

Lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye tochi, ukijumlishwa. Kandela ni ukali wa mwanga huo kuelekea upande mmoja. Ukibana mdomo wa mpira wa maji, maji hayaongezeki ila yanaruka mbali; vivyo hivyo kioo cha ndani kinachozunguka taa, kikikusanya mwanga kwenye mwale mwembamba, kandela hupanda na lumeni hubaki zilezile. Kwa hiyo ndani ya nyumba au kambini tafuta lumeni. Kwa uzio, shamba au ziwa, tafuta kandela.

Umbali ulioandikwa kwenye boksi nao una hesabu yake. Kipimo cha ANSI FL1, yaani kanuni ya kupima tochi iliyotolewa Marekani mwaka 2009, huhesabu hadi pale mwanga unapobaki laksi 0.25, yaani kiasi cha mbalamwezi; laksi hupima mwanga unaofika juu ya kitu. Tochi ya kandela 10,000 hufika mita 200. Ukitaka mita 400 unahitaji kandela 40,000, mara nne, si mara mbili. Na kwa mbalamwezi hutambui sura ya mtu, kwa hiyo mimi hukata umbali huo nusu.

Ndugu zangu, acheni kununua namba! Lumeni za kwenye boksi hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha. Baadaye tochi nyingi zenye nguvu hujipunguza zenyewe ili zisiungue kwa joto. Zile saa za betri nazo huhesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10. "Lumeni 1,000, saa 5" si lumeni 1,000 kwa saa 5. Na macho yetu hayaoni tofauti ya 600 na 700, msilipie hiyo.

Muulize muuzaji kandela. Kama hazikuandikwa na una kipima laksi, mulika ukutani kutoka mita 5 kwenye giza, weka kipima pale katikati panapong'aa zaidi kikielekea tochi, soma, kisha zidisha kwa 25. Laksi 400 ni kandela 10,000.