Bili ya maji inapanda, barua ya kiwanja imefika: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Naishi mji mdogo huku Texas, si mbali sana na San Antonio, mwaka wa nane sasa, na nyumba tumenunua kwa mkopo mimi na mume wangu. Wiki iliyopita zimekuja barua mbili. Ya kwanza imekuja na bili, inasema baraza la mji litajadili kupandisha bei ya maji na maji taka. Ya pili ndo imeninyima usingizi, wanataka kipande cha mbele ya kiwanja chetu kama futi 15 kwa ajili ya bomba kubwa na barabara, na ndani kuna ofa na mahali pa kusaini. Hicho kipande ndo kina mti wa pekani unaotupa kivuli na tuta langu la matembele. Nimeangalia ajenda, yote yako kikao kimoja, na kuna kingine wanasema kubadilisha utaratibu wa mji wa kutwaa ardhi. Mume wangu anasema tusaini tu yaishe, serikali haishindwi. Mimi Kiingereza cha kusimama mbele za watu kinanigomea. Nisaidie.
*Mama wa watatu, Texas*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hiyo kalamu iweke chini. Mume wako nampa heshima zake lakini hapa tusiharakishe, sahihi yako ndo kitu pekee wanachokihitaji kutoka kwako na ukishaitoa huna tena cha kuongelea.

Sasa nisikilize vizuri maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Haya mambo yako kikao kimoja ila hayapiti mlango mmoja. Bei ya maji inaamuliwa palepale na madiwani wananyoosha mikono, kwa hiyo pale sauti yako ina uzito kweli. Kiwanja ni tofauti, madiwani wanaamua kama mji utwae au usitwae, lakini utalipwa shilingi ngapi haliamuliwi na kelele za ukumbini, linaamuliwa kwa karatasi. Nimeona watu wanatumia dakika zao zote kulia kuhusu bei ya kiwanja halafu nyumbani hawana hata tathmini moja mkononi, inaniuma sana.

Tuanze na kiwanja. Hii ndo inaitwa huko eminent domain, mamlaka ya serikali kuchukua ardhi ya mtu kwa matumizi ya umma hata kama hataki kuuza, ila ilipe fidia. Bomba na barabara ni matumizi ya umma, sitakudanganya, kuzuia kabisa itakuwa ngumu. Kilichobishaniwa sana Marekani ni pale mji unapochukua nyumba ya mtu ili impe mwekezaji. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu kwa kura 5 kwa 4 iliuruhusu mji wa New London kule Connecticut kuchukua nyumba ya nesi mmoja, Susette Kelo, pamoja na za majirani zake kwa mpango wa maendeleo, na kile kiwanja kikaja kukaa majani matupu miaka na miaka. Watu walikasirika nchi nzima, majimbo zaidi ya 40 yakabadilisha sheria kubana hilo la kumpa mwekezaji, Texas ikiwemo mwaka huohuo, na 2009 wananchi wa Texas wakapiga kura wakaliweka katazo hilo kwenye katiba ya jimbo. Kwa hiyo hicho kipengele cha kubadilisha utaratibu wa mji kisome neno kwa neno, mji hauwezi kujipa mamlaka ambayo jimbo limekataza, na ukiona mahali ardhi inaishia kwa mtu binafsi uliza kwa sauti ni nani huyo.

Pesa sasa. Ofa uliyopata ni ya kwanza tu. Sheria ya Texas inasema ofa ya mwisho haiji mpaka zipite siku 30 tangu ya kwanza, na lazima ije na ripoti ya mthamini, na ofa isiwe chini ya hiyo thamani, na wewe upewe angalau siku 14 za kuijibu. Pia lazima wakupe ile karatasi ya haki za mwenye ardhi inayotolewa na mwanasheria mkuu wa jimbo, kama hukuipata waandikie uwaombe. Wewe tafuta mthamini wako mwenyewe. Na asipime zile futi 15 peke yake! Apime na nyumba inayobaki imeshuka kiasi gani, barabara ikisogea dirishani na kivuli kikiondoka nyumba si ileile, na huo upungufu unalipwa. Huo mti upige picha leo ukiwa na majani, tuta pia, pima kutoka ukutani mpaka kwenye lami uandike.

Msipoelewana mji unaenda mahakamani, jaji anateua makamishna watatu, nao ni wenye ardhi wa kaunti hiyohiyo, wanasikiliza pande zote wanataja kiasi. Hukuridhika, una mpaka Jumatatu ya kwanza baada ya siku ya 20 tangu wawasilishe uamuzi wao, uweke pingamizi. Siku hiyo ikipita imepita, kwa hiyo hapo tafuta loya mapema. Na mji ukishaweka mahakamani pesa waliyotaja makamishna unaweza kuanza kuchimba huku nyie bado mnabishana bei, usije ukashtuka.

Hilo la serikali haishindwi, mwambie baba watoto aangalie hapo San Antonio kwenyewe. Januari 2023 baraza la jiji lilipiga kura 9 kwa 2 kuruhusu kutwaa baa moja jirani na Alamo, ile ngome ya kihistoria, kwa ajili ya makumbusho. Mwenyewe hakukubali ofa za mwanzo, akasimamia bei yake, na mwaka huohuo wakaelewana wakamalizana. Baa iliondoka ndiyo, lakini alikaa mezani.

Kwenye bei ya maji uliza maswali mawili matatu ya maana. Ongezeko liko kwenye ile ada isiyobadilika au kwenye matumizi? Maana likiwa kwenye ada, mjane anayeoga ndoo moja anaongezewa sawasawa na mwenye bwawa la kuogelea. Halafu pesa ngapi ya maji inahamia kwenye mfuko wa mji? San Antonio kampuni ya umeme ni mali ya jiji na inaweza kulipa jiji mpaka asilimia 14 ya mapato yake, kwa hiyo si kila senti ya bili inarudi kwenye nguzo na nyaya, na wananchi wana haki ya kujua kwao ikoje. Na maji taka, miji mingi huko inakadiria kwa maji uliyotumia miezi ya baridi, choo kikivuja Januari utakilipia mwaka mzima. Weka matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo usiku, asubuhi ukikuta rangi bakulini, kinavuja.

La Kiingereza mwanangu lisikufunge mdomo kabisa. Tangu 2019 sheria ya Texas inataka mwananchi aruhusiwe kuongea juu ya jambo lililo kwenye ajenda, na ukitumia mkalimani na hawana vifaa vya kutafsiri papo hapo wanatakiwa wakupe angalau mara mbili ya muda. Wengine dakika tatu, wewe sita. Nenda na mwanao mkubwa au mtu wa kanisani, ongea Kiswahili chako ulichokizoea, kaa mbele, jiandikishe mapema kabla kikao hakijaanza.

SWALI: Shangazi, sisi tunapanga tu, nyumba ya mtu, na tumesikia mji unaitwaa. Je tuna chochote?
*Baba Neema, Texas*

JIBU: Mnacho kaka. Fidia ya nyumba ni ya mwenye nyumba, lakini mpangaji anayehamishwa naye sheria imemtaja, anatakiwa asaidiwe ushauri wa pa kuhamia na gharama ya kusafirisha vitu inaweza kulipwa. Ombeni kwa maandishi kabla hamjafunga hata sanduku moja, na mkataba na risiti za kodi zitunzeni sehemu moja.