Darubini yenye kistari usiilipie: jibu kwa kijana wa Ngezi anayetaka 10-30x50

Rudisha. Kama hujalipa, usilipe. Kama umeshaacha kianzio, nenda asubuhi ukamwambie akurejeshee pesa zako, na akinuna mwache anune.

Umeandika kuwa unaanza kazi ya kutembeza wageni msitu wa Ngezi, umeoneshwa darubini ya zumu, yaani ya ukuzaji wa kubadilisha, 10-30x50, duka moja huko Mjini, na unauliza kama inaishinda ile ya ukuzaji mmoja, 8x42. Ukauliza pia ipi inafaa ukienda na wageni kisiwa cha Misali kwa boti. Mimi nilipofika kwenye hiyo 10-30x50 nikasita kusoma, maana ndiyo ile ile niliyouziwa mimi, na maneno uliyoambiwa ni yale yale, neno kwa neno.

Yakhe, kitizame hicho kistari baina ya 10 na 30. Hicho ndicho kilichonikosesha kazi.

Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Chukua ya pili uigawe kwa ya kwanza, utapata upana wa kiduara cha mwanga kinachotoka nyuma ya darubini na kuingia jichoni. 42 kwa 8 ni milimita 5 na robo. 50 kwa 10 ni 5, hapo hakuna ugomvi. Lakini sukuma zumu mpaka 30: 50 kwa 30 haifiki hata milimita 2, ni 1.7 tu.

Sasa njoo kwenye jicho lako. Mchana wa jua kali mboni inajifunga, inabaki na milimita 2 au 3. Kwenye kiza inafunguka, kwa kijana inaweza kufika 7, na kadiri mtu anavyokula chumvi inazidi kupungua kufunguka. Muuzaji anakutoa mlangoni saa saba mchana, anakuelekeza kwenye paa la jengo la mbali, anasukuma kile kijiti cha zumu, na wewe unasema mashaallah. Lazima useme! Mboni yako saa hiyo ni ndogo, kiduara cha 1.7 kinakaribia kuijaza, huoni upungufu wowote. Mimi niliambiwa "hii inavuta mpaka Tanga, unaona watu wanatembea." Laki mbili na nusu zikatoka mfukoni.

Wewe kazi yako haiko mlangoni mwa duka saa saba mchana. Iko chini ya mivule ya Ngezi, ambako hata asubuhi mwanga unafika umechujwa na majani. Na wageni wengi wanaokuja huko wanakuja kwa ajili ya ndege wanne ambao duniani kote hawapatikani ila Pemba: bundi wetu mdogo, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule kijindege mwenye duara jeupe jichoni. Huyo bundi ndiye anayewafanya watu wavuke bahari mbili tatu. Na huyo bundi anaanza kuita baada ya Magharibi.

Nikueleze ilivyokuwa. Tumesimama njiani, wageni nyuma yangu, msitu umeshakuwa mweusi chini lakini juu mbingu bado ina weupe. Akaita. Sauti yake ni moja fupi, "huu," kisha kimya, kisha "huu" nyengine. Nikamulika kwa tochi dhaifu kwa pembeni, nisimuudhi, nikamuona amekaa kwenye tawi, kitu cha urefu wa shubiri moja tu, rangi ya kutu. Nikampa darubini mzee mmoja aliyekuwa akimsubiri huyo ndege tangu aliposhuka uwanja wa ndege wa Chake. Akaiweka machoni. Akaishusha. Akafuta vioo kwa ncha ya shati, akaiweka tena. Akaniambia haoni kitu. Mimi nikadhani ndege yuko mbali kwake, nikaichukua, nikasukuma zumu mpaka mwisho ili nimsogezee, nikamrudishia. Hapo ndipo nilipomuulia kabisa. Ukitoka 10 ukafika 30 kwenye kiza, mwanga unaobaki katika picha ni moja ya tisa ya ule wa mwanzo. Moja ya tisa! Mtu haoni, na mimi namuongezea kiza kwa mkono wangu nikiamini namsaidia. Bundi akaruka. Hakuita tena usiku ule.

Yule mzee alinilipa, hakusema kitu, lakini wenziwe wawili walirudi hotelini wakasema. Hoteli ile iliyokuwa ikinipa wageni msimu mzima ikaacha kuniita. Hiyo ndiyo bei ya kile kistari, na ile laki mbili na nusu haimo humo.

Nilipomrudia muuzaji aliniambia mali ikishatoka dukani hairudi. Sikumchukia kwa hilo, biashara ndivyo zilivyo. Nilichomchukia ni kwamba nilimueleza tangu mwanzo, kwa maneno mepesi, kuwa naitaka ya msituni na ya jioni, na yeye akanijibu kwa Tanga. Mtu anakuuliza kitu cha kiza unamjibu kwa umbali! Na hao wanaoweka video mitandaoni, wanaosimama ufukweni juani wanavuta jahazi kutoka upeo wa macho, siku nisikie mmoja wao ametaja kiduara cha mwanga. Wanajua kinachouzika ni namba kubwa.

Aliyenifumbua macho ni mgeni mwengine, mtu mzima wa Uskoti ambaye kwao alikuwa akiwanyatia kulungu milimani kwa bunduki. Alikuwa na 8x42 shingoni. Nikamuuliza mbona hakununua inayovuta zaidi na pesa anazo. Akacheka, akanieleza kuwa hata darubini ya juu ya bunduki yake ilikuwa ya ukuzaji mmoja, 6x42, na kwamba kwa miaka mingi wanyatiaji wa kwao wameiamini hiyo. Fanya hesabu: 42 kwa 6 ni 7, sawa na mboni iliyofunguka mpaka mwisho. Wawindaji wa Ujerumani na Austria wanaokaa kumvizia mnyama magharibi wana 8x56 yao, na hiyo nayo ukigawa inakupa 7. Kulungu anatoka alfajiri na magharibi, kama bundi wetu. Watu ambao wana nafasi moja tu ya kuona vizuri kabla mnyama hajakimbia hawakutaka kitu cha kusukuma sukuma. Walitaka mwanga, na picha iliyo tayari pale pale jicho linapofika.

Akanivisha ile 8x42 yake. Kulikuwa na ninga wanakula matunda juu kabisa, mahali ambapo kwa ile yangu nilizoea kuona vivuli tu vikitikisika. Nikaona wekundu wa mzizi wa mdomo. Nikaona jicho likizunguka. Nilisimama pale mpaka shingo ikauma.

Na mwanga ni sehemu moja tu ya tatizo. Zumu, hata ukiiacha kwenye 10, inakuonesha eneo dogo. Darubini ya kawaida ya 8x42 inafungua pembe ya kiasi cha nyuzi 7 na nusu hadi 8. Zumu nyingi kwenye 10 hazipiti 4. Umbali wa mita 20 msituni, ya kwanza inakupa upana wa karibu mita 2 na nusu hadi 3 za majani, ya pili haikupi hata mita moja na nusu. Mgeni ambaye hajazoea hatampata ndege humo, utamwelekeza "kulia, juu, tawi la pili" mpaka ndege achoke. Ukivuta juu ya 10 kwa mikono mitupu kila pigo la moyo linaonekana kwenye picha, kwa hiyo hiyo 30 bila stendi ya miguu mitatu ni namba ya kwenye boksi tu.

Halafu ndani ya zumu kuna mitambo miwili, kila jicho na wake, na lazima isogee sawa kwa unywele. Za bei ya kwetu hazisogei sawa. Baada ya muda jicho moja linaona juu, jengine chini, na kichwa kinaanza kugonga nyuma ya macho. Wageni wanadhani wana homa ya safari.

Kijiti cha zumu nacho kinapita kwenye ufa, na ufa ndio mlango wa unyevu. Masika ya Pemba unayajua. Mulika kioo cha mbele kwa tochi, tizama ndani kwa pembeni, utaona nyuzi nyeupe nyembamba zinatambaa kutoka ukingoni. Hiyo ni kuvu, ikishakula lenzi haifutiki kwa kitambaa. Tafuta iliyozibwa kwa mipira na kujazwa gesi ya nitrojeni, na iandikwe hivyo. Ukirudi nyumbani usiifungie kwenye mfuko wake ikiwa na jasho. Iweke kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza pamoja na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Sasa ukirudi dukani, usikubali kutolewa mlangoni juani. Shika darubini mbali na uso, urefu wa mkono, ielekeze kwenye weupe wa mbingu lakini si kwenye jua, utizame vile vioo vya nyuma. Utaviona viduara viwili vya mwanga. Viwe duara kamili na vyeupe mpaka ukingoni. Vikiwa na pembe pembe na kivuli cha kijivu, prizimu zake, vile vioo vya ndani vinavyopinda mwanga, ni za rahisi. Beba rula uvipime: kama imeandikwa 8x42 na kiduara kina milimita 3, namba za juu ni za uongo, na zipo nyingi siku hizi, hasa zile zinazojiita 100 kwa kitu gani sijui. Kisha lenga mnara wa msikiti wa mbali, ukiwa umefungua macho yote mawili uitoe darubini machoni polepole. Minara miwili ikipishana urefu, iache hapo hapo. Vioo vya mbele vinavyong'aa wekundu kama rubi usivisifu, vinarudisha rangi nyekundu nje na ndani picha inakuwa ya kijani kijani. Na jaribu kutizama kitu kilicho mita 2 au 3 mbele yako, maana chozi anakuja karibu na maua na darubini isiyoona karibu itakunyima.

Kama mgeni wako anavaa miwani, ile nafasi baina ya kioo cha nyuma na jicho iwe milimita 15 au zaidi, la sivyo ataona tundu tu.

Ya boti: 7x50 ndiyo ya mabaharia, 50 kwa 7 ni 7 na kidogo, na haitikisiki sana. Lakini usinunue mbili sasa, 8x42 itakufikisha Misali na kukurudisha.

Muuzaji akikwambia hana 8x42, chukua 8x40 au hata 10x50, mradi haina kistari na ukigawa hupati chini ya 5. Ya mkono wa pili iliyo safi ni bora kuliko zumu mpya ndani ya boksi. Piga picha ya zile namba zilizoandikwa juu yake na ya viduara vya nyuma, uweke hapa kabla hujatoa pesa. Kesho mpaka Alasiri nipo, nitazitizama.